Risasi Ipi

Tarehe 4, mwezi wa pili

Wifi yangu,

Kasuku amemaliza kulamba dirisha sasa hivi. Si kioo, ni ule ukingo wa chini ambapo nimeweka karatasi hii. Amepanda kigoda, akatuliza kidevu, akapitisha ulimi kutoka pembe hadi pembe kama mtu anayebandika stempu. Kisha akanigeukia na kusema, "Tamu." Nimemfuta mdomo kwa upindo wa gauni. Halafu nikalamba na mimi kidogo, usinicheke, nilitaka kujua. Wifi, ni kweli. Kuna utamu kwa mbali.

Ni vumbi la kiwandani tu. Nafuta asubuhi, saa sita limerudi, la kijivu, laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Hizi nyumba za wafanyakazi zimeegemea ukuta wa kiwanda, na dirisha letu ndilo linalotazama bomba la moshi. Kaka yako anasema tuna bahati kwa sababu wenzetu wanatazama choo. Bado yuko kwenye tanuri, wanakoyeyusha betri kuukuu za magari. Akirudi, suruali yake unaweza kuisimamisha pembeni ikakaa yenyewe.

Mwanao ana miaka miwili na miezi minne na hafungi mdomo. Ndiyo maana jina la Kasuku limemganda. Juzi nilihesabu maneno yake, ni thelathini na moja, na wewe umo, ingawa anakuita "sangasi".

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu ni moja na inalala mfukoni mwa kaka yako. Ukijibu, tumia sanduku la posta la fundi cherehani aliye nje ya geti, nimekuandikia nyuma ya bahasha. Hapa ndani barua zinapita kwa mlinzi kwanza, na mlinzi wetu anapenda kusoma.

Niambie unasoma nini huko mbali. Mama mkwe akiulizwa anasema unasomea sheria ya hewa. Nimewaambia majirani kwamba hewa nayo ina sheria, mmoja akaniuliza ikivunjwa nani anafungwa.

Wifi yako,
Mama Kasuku

*

19 Februari

Wifi mpenzi,

Mama hajakosea sana. Mimi na mwalimu wangu tunalinganisha sheria za mazingira za nchi ishirini na mbili. Kazi yangu ni kujaza jedwali. Kuna nchi ambako mtu akiugua kwa moshi wa jirani, yeye mgonjwa ndiye atoe ushahidi kwamba moshi ulimfikia. Hizo naziweka safu ya kwanza. Kuna nyingine ambako mgonjwa akishaonyesha anaishi karibu, kiwanda ndicho kinachobanwa kithibitishe kwamba si moshi wake. Hizo ni safu ya pili. Mwambie huyo jirani swali lake ni zuri kuliko tasnifu yangu. Nimemwambia mwalimu, naye hakucheka.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye lile neno "tamu" nikakaa. Naogopa sana risasi katika nyumba hiyo. Mwondoe mtoto dirishani. Asilambe kitu, mnawishe mikono kabla ya kula, na suruali ya kaka isiingie ndani. Kasuku amewahi kupimwa damu?

Utani wa kunicheka sijaolewa nimeona umeuruka safari hii. Asante, najua haitadumu.

Wifi yako,
Shangazi wa mbali

*

Tarehe 3, mwezi wa tatu

Wifi,

Umenichekesha mpaka Kasuku akacheka bila kujua kinachochekwa. Risasi ipi tena? Walinzi wetu wana virungu tu, na yule wa zamu ya asubuhi hata kirungu anakiegemeza ukutani kwa sababu ya mgongo. Hapa hakuna vita. Ukimya wa hapa ungekuchosha. Nadhani mambo ya televisheni ya huko yamekuingia.

Lakini nimekutii. Nimefunga dirisha, chumba kikawa kama chungu kilichofunikwa. Tunakaa tunatoka jasho tukitazamana. Mchana nikishindwa nafungua kidogo, vidole vitatu, naandika hapa pembeni maana ndipo penye mwanga, halafu nafunga.

Damu alipimwa. Mwaka jana mwezi wa kumi nesi wa kiwanda alipita nyumba kwa nyumba akiwachoma watoto kidole. Karatasi alipewa kaka yako kazini. Nilipomuuliza alisema, "Yuko salama, nesi amesema anywe maziwa." Basi anakunywa.

Nilimwambia kwamba umeuliza. Akaacha kula. Akasema, "Mwambie dada asome vitabu vyake, nyumba yangu asiisome." Unamjua akisema polepole hivyo. Kwa hiyo nakuandikia akiwa kazini.

Hilo jedwali lako, mimi niko safu ipi?

Sijui kama ni joto, lakini Kasuku siku hizi analala mchana mrefu, na akiamka analalamika tumbo. Maneno nimehesabu tena. Labda nilikosea mara ya kwanza. Yamekuwa ishirini na manne.

Na kuolewa je? Umeshapata wa kukubebea hilo jedwali?

Wifi yako,
Mama Kasuku

*

17 Machi

Wifi,

Kosa ni langu, nimekaa na vitabu mpaka nimesahau kwamba neno lina nyuso mbili. Risasi ninayoisema si ya bunduki. Ni madini, ile kama chuma laini iliyomo ndani ya betri. Wakiiyeyusha, inapanda na moshi, inashuka na vumbi, na vumbi lake lina utamu. Ikiingia kwa mtoto inakaa kwenye mifupa na kichwani. Inamchosha, inamsokota tumbo, na inamnyang'anya maneno. Sisemi hivi kukutisha. Nasema kwa sababu umehesabu ishirini na manne, na sidhani kama ulikosea mara ya kwanza.

Uko safu ya kwanza, wifi. Safu ndefu. Ushahidi lazima utoke kwetu.

Kuna wakili niliyesoma naye, yuko tayari kwenda mahakamani kuomba familia zihamishwe kutoka ukutani na watoto watibiwe. Amegonga milango ya nyumba zenu akitafuta ruhusa ya kupima vumbi, hakuna aliyefungua. Kila mtu anaogopa kazi. Anahitaji nyumba moja tu. Tarehe 14 Aprili, saa nne, kaka akiwa kazini, watakuja watu wawili wenye vifaa. Mlinzi ataambiwa ni wapima maji. Watafuta dirisha kwa kitambaa cheupe na kitambaa kitapelekwa kupimwa. Hawatakaa hata robo saa.

Nimekuomba kazi kubwa, najua. Ni wageni wangu, wapokee vizuri.

Na ukipata nafasi, tafuta karatasi ile ya nesi.

Shangazi wa mbali

*

Tarehe 15, mwezi wa nne

Wifi yangu,

Wageni wako wamekuja na hujaaibika.

Ulivyosema niwapokee vizuri nilianza juzi. Nilitoa vitu vyote nje, hata kitanda, nikamwambia jirani tuna kunguni, akavuta watoto wake ndani. Kuta nimefuta kwa sabuni mpaka juu nilipofika kwa kigoda. Dirisha nimeliosha mara tatu, ukingo wake nikausugua kwa brashi ya viatu, nyufa nikazichokonoa kwa kijiti. Pazia nimelifua. Sakafu nimeipiga deki maji manne, ya mwisho yakatoka meupe kabisa. Nilisema watu wa wifi yangu, watu wa chuo, hawatakanyaga vumbi kwangu waende wakasimulie.

Walikuja saa nne kamili, mama mmoja na kijana mrefu. Walivua viatu wenyewe. Yule mama alitazama dirisha muda mrefu, akaniuliza, "Huwa pako hivi?" Nikamwambia, "Siku zote mama, mimi sipendi uchafu." Akapitisha kile kitambaa, na wifi, ungekuwepo ungefurahi. Kilitoka cheupe kama kilivyoingia. Nilimwona anamtazama mwenzake. Nilidhani ni kwa kushangaa.

Kaka yako jioni alisema nyumba inanukia kama hospitali, akauliza nani amekuja. Nikasema wapima maji. Hakuuliza zaidi.

Karatasi sijaipata. Kasuku yumo tu. Leo ameanguka mara mbili akitembea pale pale pasipo na kitu.

Wifi yako aliyechoka mgongo,
Mama Kasuku

*

2 Mei

Wifi,

Nimeanza barua hii mara nne.

Majibu yametoka. Yanasema nyumba yako haina risasi ya kutisha. Yanasema iko chini ya kiwango. Wakili alikuwa amekwisha kufungua kesi na kuahidi mahakama kwamba majibu yatapelekwa yakiwa vyovyote, kwa hiyo kiwanda nacho kina nakala. Mwanasheria wao ataisoma kwa sauti: nyumba iliyo karibu zaidi na bomba, safi.

Sitaki ujilaumu. Neno lilikuwa langu. Mtu ukimwambia mpokee mgeni vizuri, atafanya nini kingine? Mimi mwenyewe mama angenichapa kama ningempokea mgeni kwenye vumbi. Nimejaza jedwali miaka miwili kuhusu ushahidi na sikukuandikia maneno mawili, usifute.

Kurudia kupima hawatakubali, geti sasa limefungwa kwa wageni wote. Mahakama inakaa tarehe 20 Juni.

Kama unaweza kutoka hapo, toka. Usingoje kesi. Nenda kwa Mama.

Shangazi wa mbali

*

Tarehe 12, mwezi wa tano

Wifi,

Nimeisoma barua yako dukani kwa fundi cherehani nikiwa nimesimama, akaniletea kiti bila kuniuliza. Nilichokiosha kwa mikono yangu ni kesi ya mwanangu. Usiniambie nisijilaumu, niache nijilaumu kidogo, nitaacha mwenyewe.

Nimerudi nikapekua. Karatasi ilikuwa ndani ya koti lake la harusi, mfuko wa ndani, imekunjwa mara nane. Imeandikwa namba 41, na chini yake, "Juu sana. Aondolewe mahali anapoishi, apimwe tena baada ya mwezi mmoja." Halafu sahihi ya kaka yako kwamba ameelewa. Mwezi wa kumi, wifi. Ni miezi saba.

Aliporudi nilikuwa nimeiweka mezani, nimeikandamiza kwa kikombe. Aliiona kabla ya kuvua viatu. Nitakuandikia alivyosema, bila kupunguza.

Alisema, "Walituita wanaume kumi na mmoja. Mkubwa akasema, anayetaka kumwondoa mtoto amwondoe, ila nyumba na kazi ni kitu kimoja, akiondoka mmoja wanaondoka wote, saa arobaini na nane. Tukatazamana. Wote tukasaini."

Nikamwambia, "Ukaniambia maziwa."

Akasema, "Nesi alisema maziwa pia."

Nikamwambia, "Umeniacha nikifuta vumbi miezi saba kama mjinga."

Akasema, "Nilikuwa nakutazama ukifuta nikasema labda inatosha."

Alilala kwenye mkeka. Sikumwita kitandani.

Unasema nitoke. Kwa Mama wapo tisa kwenye vyumba viwili, na kaka yako mkubwa alishasema mlango hauna nafasi hata ya mwavuli. Lakini ningelala hata jikoni. Tatizo ni geti. Mke akitoka na mzigo au mtoto mgonjwa, mlinzi anaandika kwenye daftari, na mume lazima asaini sababu. Nilijaribu Jumatano na mfuko mdogo. Mlinzi akaniambia, "Shemeji, nirudishie huo mfuko ndani, nisije nikamharibia bwana kazi." Alisema kwa upole, na huo ndio ulioniuma. Nimerudi, nimekaa hapa dirishani. Nimefungua lote. Sina nguvu ya kufunga.

Vumbi limerudi kama zamani. Silifuti. Kasuku nimemfungia chumba cha nyuma, analia, kisha ananyamaza, na akinyamaza naenda kuangalia. Maneno yamebaki tisa. "Tamu" limekwenda. "Sangasi" sijalisikia tangu Pasaka ipite.

Mimi

*

28 Mei

Wifi,

Barua yako niliifungulia maktabani, nikiwa nimevaa sketi nyeusi. Nilipokunjua karatasi, kitu kilimwagika mapajani. Mstari wa kijivu, laini. Nilitaka kuupangusa. Mkono wangu ulifika kabisa, ukasimama.

Wewe huandika juu ya ukingo wa dirisha. Umeniambia tangu barua ya kwanza.

Nimezitoa zote nne, nazitunza kwenye bahasha zake. Nilizipeleka kwenye maabara ya chuo, wakazifungua chini ya kioo cha kukuzia, wakapima kilichokaa kwenye mikunjo. Ya Februari ina risasi nyingi. Ya Machi, nyingi. Ya Aprili karibu hakuna. Ya Mei imezidi zote. Kila bahasha ina muhuri wa posta wenye tarehe. Mwalimu wangu, mtu asiyesimama hata akiletewa chai, alisimama.

Unaona kilichotokea? Ya Aprili ni safi kwa sababu uliiandika siku moja baada ya wageni, na ndani yake umeeleza ulivyosugua kwa brashi ya viatu. Vumbi linasema palikuwa pachafu, pakawa safi, pakachafuka tena. Maneno yako yanasema kwa nini. Ile nakala yao ya majibu safi inakuwa ushahidi wetu.

Sasa sehemu ngumu. Kwenye jedwali langu kuna nchi mbili ambako mahakama ingepima karatasi na kufunika maneno. Kwetu si hivyo. Ukipeleka barua umeipeleka yote, na upande wa pili unasoma kila mstari. Siwezi kupeleka tatu nikaficha ya Mei, nitaapishwa kwamba nimeleta zote. Na kwenye ya Mei yupo kaka yangu, na sahihi yake, na maziwa. Atasomwa kama mtu aliyemjua mwanawe anaumia akanyamaza. Kazi itakwisha siku hiyo hiyo, nyumba saa arobaini na nane. Mahakama inaweza kuwazuia wasiwatoe, au isiwazuie. Sijui.

Tumetoka tumbo moja, mimi na yeye. Alinibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha. Nimelia, nimemaliza, sasa nakuandikia kwa akili yangu: sitakuamulia. Nilikuamulia mara moja niliposema wapokee vizuri.

Andika kwa mkono wako, mbali na dirisha lile: nakubali, au sikubali. Weka sahihi. Ifike kabla ya tarehe 20. Lolote utakaloandika, mimi ni wifi yako.

Shangazi wa mbali

*

Tarehe 9, mwezi wa sita

Wifi yangu,

Karatasi hii ni safi, nimeinunua kwenye duka la hospitali ya mjini. Nimeilaza juu ya kadi ya Kasuku, na Kasuku yuko mapajani. Tuko benchi la watoto, namba kumi na saba, na sasa wako kumi na nne, kwa hiyo naweka kwanza lililo muhimu nisije nikaitwa katikati:

Mimi niliyeandika barua hizi nakubali zisomwe zote, na ya mwezi wa tano isomwe bila kufunikwa. Sahihi yangu hii hapa: Mama Kasuku. Na jina la kitambulisho nimeliandika nyuma.

Sasa nikueleze.

Barua yako niliificha siku tano ndani ya unga. Jana nikaona siwezi kumfanyia kaka yako kama alivyonifanyia mimi. Alipokwisha kunawa nikamsomea yote, hata pale unaposema alikubeba mgongoni. Pale alifunika uso. Akaniambia, "Ulichoniandika mimi, nisomee." Nikamwambia barua ziko kwako. Akasema, "Unakumbuka." Nikamsomea kwa kichwa: wanaume kumi na mmoja, maziwa, mkeka. Lile la kunitazama nikifuta nililiweka la mwisho.

Taa ya juu ya bomba la moshi ikawaka. Akasema, "Hujaongeza kitu."

Nikamuuliza, "Nikubali?"

Akasema, "Mimi nilishasaini yangu. Hiyo ni yako."

Wifi, sikujua kama hilo ni ndiyo au hapana, na bado sijui. Nimesaini bila kujua. Naogopa. Tukitolewa sijui tutaweka wapi kitanda. Ukiona herufi ya mwisho ya sahihi imeteleza si Kasuku, ni mimi. Lakini daktari aliyetupokea asubuhi amekwisha kuniambia kwamba kuna dawa ya kuitoa risasi, si yote, na mtoto akiwa mdogo hivi maneno huweza kurudi, mradi asirudishwe kwenye lile vumbi. Nimelishika hilo. Nalirudia kimoyomoyo kama namba ya simu.

Na nataka uwaambie hao mahakimu, wakishamsoma kaka yako kwenye ile ya mwezi wa tano, wasome na hii. Leo asubuhi alitakiwa tanurini. Hakwenda. Alimbeba Kasuku mwenyewe mpaka getini. Mlinzi akafungua daftari, akauliza sababu ya kutoka aandike nini, homa? Kaka yako akasema, "Andika risasi." Mlinzi akacheka, akasema, "Risasi ipi bwana, hapa si tuna virungu tu?" Nikakumbuka nami nilivyokucheka hivyo hivyo, mwezi wa tatu. Kaka yako hakucheka. Akachukua kalamu mkononi mwa mlinzi, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, akaweka sahihi yake pembeni, ile ile ya kwenye karatasi ya nesi. Nyuma yetu walikuwa wamesimama wenzake watatu wa zamu, katika wale kumi na mmoja. Mmoja wao, yule baba mwenye mapacha, akasogea akauliza, "Hiyo kalamu ukimaliza," na kaka yako akageuka, akamtazama, akampa, na yule baba akainama juu ya daftari akaanza kuandika, mlinzi akisema jamani jamani, nami nikachungulia nione ameandika nini, na ilikuwa, ngoja wifi, nesi anaita kumi na saba, Kasuku keshateremka anamfuata na kalamu yangu anaivuta, ilikuwa ni lile lile ne